Kidonge cha pili cha tezi ya shingo: Mgonjwa wa Rusimbi aanzie wapi?

MAMA wa miaka arobaini na ushei katika kata ya Rusimbi, Manispaa ya Kigoma-Ujiji, anavaa sweta mchana wakati majirani zake wanajipepea kwa kanga. Amenenepa ingawa hali chakula kingi. Ngozi imekauka, sauti imekuwa nzito, choo hakipatikani, na jambo aliloambiwa asubuhi linamponyoka kabla ya adhuhuri. Amekwisha kupewa dawa za malaria, za taifodi na za kuongeza damu. Wifi zake wanasema ni uvivu. Wengine wananong'ona kwamba amerogwa.

Mama huyu ni wa kufikirika, lakini dalili zake si za kufikirika. Ndivyo anavyoonekana mtu ambaye tezi yake ya thairoidi, yaani dundumio kama wanavyoiita waandishi wa vitabu vya baiolojia, imeshindwa kutoa homoni za kutosha. Tezi hiyo iko mbele ya koo, ina umbo la kipepeo, na homoni zake ndizo zinazoamua kasi ya moyo, joto la mwili, mwendo wa utumbo na hata wepesi wa fikra. Zikipungua, mwili mzima unapunguza mwendo.

Katika nchi tajiri mjadala juu ya ugonjwa huu umefika mbali. Wagonjwa wa Ulaya na Marekani wanadai haki ya kupewa homoni mbili kwa pamoja badala ya moja, na madaktari wamegawanyika. Swali la kujiuliza ni je, mjadala huo unamhusu nini mgonjwa wa ufukwe wa Ziwa Tanganyika? Jibu la haraka ni kwamba haumhusu, kwa kuwa anahangaikia hata hiyo homoni moja. Kwa maoni yangu jibu hilo si sahihi, na tena lina hatari ndani yake.

Kwanza tuelewe kinachobishaniwa. Tezi ya thairoidi hutoa homoni mbili. Iliyo nyingi ni thairoksini, inayojulikana kwa kifupi kama T4. Iliyo kidogo lakini yenye nguvu zaidi ni triayodothaironini, au T3. Sehemu kubwa ya T3 inayotumika mwilini haitoki kwenye tezi moja kwa moja, bali hutengenezwa na ini, figo, misuli na ubongo kwa kuigeuza T4. Jambo hilo lilithibitishwa kwa binadamu mwaka 1970, na ndilo lililowafanya madaktari waamini kwamba inatosha kumpa mgonjwa T4 peke yake, kwa jina la dawa levothairoksini, na mwili utajitengenezea T3 kadiri unavyohitaji.

Kwa wagonjwa walio wengi ndivyo inavyokuwa. Kidonge kimoja kila asubuhi, na baada ya wiki kadhaa mtu anarudi kuwa yule aliyekuwa. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Nusu yake huisha kwa takriban siku saba, hivyo kusahau kidonge cha siku moja si msiba.

Tatizo ni wale waliobaki. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba mgonjwa mmoja kati ya kumi, au zaidi kidogo, huendelea kulalamika uchovu, usahaulifu na mwili mzito hata baada ya vipimo vya damu kuonyesha kuwa kila kitu kiko sawa. Mwaka 1999 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Lithuania kwa wagonjwa 33, ukionyesha kwamba waliobadilishiwa sehemu ya T4 na kupewa T3 kidogo walipata nafuu ya moyo na ya akili. Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe. Hata hivyo, majaribio 11 yaliyokusanywa na kuchambuliwa pamoja mwaka 2006, yenye wagonjwa zaidi ya 1,200, hayakuona tofauti ya maana kati ya homoni moja na mbili. Ajabu ni kwamba katika baadhi ya majaribio wagonjwa wenyewe, bila kujua walichokuwa wakimeza, waliipendelea ile ya mchanganyiko.

Ndiyo maana wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wao wa mwaka 2012, waliamua kuacha mlango wazi kidogo: T3 inaweza kujaribiwa kwa mgonjwa ambaye ametumia T4 ipasavyo, damu yake iko sawa, magonjwa mengine yametafutwa na hayakuonekana, na bado hajisikii vizuri. Jaribio hilo lisimamiwe na bingwa, na likishindwa lisitishwe.

Uangalifu huo una sababu. T3 huingia kwa kasi na kutoka kwa kasi. Nusu yake huisha kwa siku moja hivi, na kwa hiyo humezwa kwa kugawanywa mara mbili au tatu kwa siku. Ikizidi, moyo huenda mbio na kupoteza mpangilio, na mifupa hudhoofika. Mama mjamzito hashauriwi kuitumia, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni katika miezi ya mwanzo hutegemea T4 ya mama. Wapo pia wanaotumia vidonge vya tezi ya mnyama iliyokaushwa, ambavyo vina homoni zote mbili. Vidonge hivyo hutengenezwa kutokana na nguruwe, jambo ambalo kwa mji wenye Waislamu wengi kama Ujiji si dogo, na uwiano wa homoni ndani yake si ule wa tezi ya binadamu, kwani T3 imezidi.

Upande wa bei, kisa cha Uingereza kinatosha kuwa funzo kwa nchi yoyote. Dawa ya T3, liothaironini, ni ya zamani. Homoni yenyewe iligunduliwa mwaka 1952. Haina siri wala hataza. Lakini kampuni iliyokuwa muuzaji pekee nchini humo iliondoa jina la biashara kwenye pakiti, na kwa kufanya hivyo ikatoka katika udhibiti wa bei. Kwa mujibu wa Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza (CMA), pakiti iliyogharimu pauni 20 mwaka 2009 ilifika pauni 248 mwaka 2017. Matumizi ya huduma ya afya ya umma kwa dawa hiyo, yaliyokuwa pauni 600,000 mwaka 2006, yalipita pauni milioni 30 mwaka 2016. Mwaka 2021 mamlaka hiyo iliitoza kampuni ya Advanz na waliokuwa wamiliki wake faini ya jumla ya zaidi ya pauni milioni 100.

Lakini kabla faini haijatozwa, wagonjwa walikuwa wamekwisha kuumia. Mwaka 2017 huduma ya afya ya Uingereza iliwataka madaktari wapunguze kuiandika dawa hiyo, na mgonjwa akajikuta anapata au hapati kutegemea anaishi mtaa gani. Wengine waliagiza kutoka Ugiriki, Ujerumani na Uturuki ambako bei ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ya kwao. Ikumbukwe kwamba hao ni watu wenye serikali inayolipia dawa. Kama muuzaji mmoja anaweza kuitikisa Uingereza namna hiyo, mgonjwa anayenunua kwa fedha za mfukoni katika duka la dawa la Kigoma atajikinga na nini?

Turudi Rusimbi basi, na tuanze na kidonge cha kwanza.

Levothairoksini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Liothaironini haimo. Tofauti hiyo inaonekana ya kikarani, lakini ndiyo inayoamua mambo mengi, kwa sababu orodha hiyo ndiyo kigezo cha nchi nyingi zinapotunga orodha zao za taifa. Na dawa isiyo katika orodha ya taifa haina njia ya kawaida ya kununuliwa na Bohari ya Dawa (MSD), wala kulipiwa na bima. Kwa dawa ambayo haijasajiliwa nchini, njia inayobaki ni kuomba kibali maalumu kutoka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kwa maandishi ya daktari na kwa ajili ya mgonjwa anayejulikana. Kwa mtu mwenye bingwa wake Dar es Salaam na ndugu Dubai, njia hiyo inapitika. Kwa mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi ni hadithi ya mbali.

Hata hivyo, kizuizi kikubwa zaidi kinakuja kabla ya dawa yoyote, nacho ni kipimo. Upungufu wa homoni hautambuliwi kwa kumtazama mtu. Hutambuliwa kwa kupima damu kiwango cha TSH, homoni inayotolewa na tezi ya pituitari chini ya ubongo ili kuiamrisha thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikilegea, amri inaongezeka, TSH inapanda. Kipimo hiki si kama kile cha malaria cha tone la damu juu ya kijiti. Kinahitaji mashine, umeme usiokatika ovyo, vitendanishi ambavyo muda wake haujapita, na fundi anayejua kuitunza. Zahanati haitarajiwi kuwa navyo. Mgonjwa wa Rusimbi ana nafuu kuliko wa Kalya au Buhingu, ambao safari yao huanza kwa boti, kwa kuwa yeye yuko mji mmoja na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Lakini ukimtaka bingwa wa homoni, unazungumzia Bugando jijini Mwanza au Muhimbili, Dar es Salaam, mwisho mwingine wa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Na kipimo si cha mara moja. Baada ya kuanza dawa, damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane, kipimo cha dawa kinarekebishwa, kisha hupimwa tena. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji kiasi cha mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, yaani mama wa kilo 60 anahitaji karibu mikrogramu 100 kwa siku. Mwingine huanzishiwa mikrogramu 25 au 50, hasa mzee au mwenye moyo dhaifu, ili apandishwe polepole. Asipopimwa tena, hubaki palepale alipoanzia, mwaka baada ya mwaka, akiamini kwamba anatibiwa.

Mgonjwa kama huyo, akisoma kwenye simu yake habari za homoni ya pili, ataona kwamba imeandikwa juu yake. Amemeza T4, hajapona, kwa hiyo anahitaji T3. Hapo ndipo hatari niliyoitaja mwanzoni inapoingia. Huenda hajawahi kupata T4 ya kutosha hata siku moja. Dawa hii humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Maziwa huizuia. Vidonge vya madini ya chuma huizuia zaidi, na inapasa vitenganishwe nayo kwa saa nne. Sasa mfikirie mjamzito anayepewa FEFO kliniki na kumeza vyote pamoja asubuhi ili asisahau. Anapoteza sehemu ya dawa katika kipindi ambacho mahitaji yake yanapanda kwa karibu robo nzima au zaidi. Na katika mwezi wa Ramadhani, mgonjwa aliyefunga anahitaji mtu wa kumweleza kwamba anaweza kumeza kidonge nusu saa kabla ya daku, au usiku saa kadhaa baada ya kufuturu, badala ya kuacha dawa mwezi mzima. Maelezo hayo hayagharimu fedha za kigeni. Yanagharimu dakika tano za mfamasia.

Lipo kundi jingine ambalo haliko tayari kusubiri mjadala wowote: waliofanyiwa upasuaji wa rovu. Si kila mwenye rovu ana upungufu wa homoni, na si kila mwenye upungufu ana rovu. Lakini mtu akikatwa tezi yote, anakuwa mtegemezi wa kidonge mpaka kufa kwake. Madaktari wa upasuaji katika nchi maskini wanaijua vizuri njia panda hii. Wakiondoa yote, uvimbe hautarudi, lakini mgonjwa atarudi kijijini ambako huenda dawa haipo; wakibakiza kipande, huenda kikamtosheleza, na huenda kikavimba tena baada ya miaka kumi. Yaani uhakika wa dawa dukani unaamua jinsi kisu kitakavyopita mezani. Sijui kama kuna mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi kwamba ugavi wa dawa ni sehemu ya tiba yenyewe.

Mkoa wa Kigoma una sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili, nayo ni chumvi. Mashariki ya mji, Uvinza, watu wamechemsha maji ya chumvi kwa takriban miaka 1,500, kama uchimbaji wa kihistoria wa J.E.G. Sutton na A.D. Roberts wa mwaka 1967 ulivyoonyesha. Chumvi hiyo ilivushwa ziwa hadi upande wa Kongo, na ikafika Burundi na Rwanda. Ilikuwa utajiri, lakini chumvi isiyoongezwa madini joto haina kinga kwa tezi ya shingo. Samaki wa maji baridi, migebuka na dagaa wetu, hawana madini hayo kwa wingi kama samaki wa bahari. Aidha, muhogo usiolowekwa na kukaushwa vizuri huacha sumu ambayo mwili, katika kuipunguza makali, huigeuza kuwa kitu kinachoizuia tezi kunasa madini joto. Hilo lilionekana kwa uchungu katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, ambalo maji yake hushuka kwa mto Ruzizi na kuingia Tanganyika. Watafiti wa Kibelgiji waliofanya kazi huko tangu miaka ya 1960 walikuta watoto waliodumaa mwili na akili kwa kukosa homoni hii.

Tanzania, kwa haki yake, ilifanya kazi kubwa. Katika miaka ya 1980 iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 ikageukia chumvi iliyoongezwa madini hayo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta rovu kwa watoto wa shule limeshuka kutoka asilimia 25 hadi karibu asilimia 7, na kaya takriban 84 katika kila 100 zikitumia chumvi yenye madini joto. Wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walikadiria kwamba watoto wa Kitanzania waliokingwa na vidonge hivyo wakiwa tumboni walisoma shule kwa kati ya theluthi na zaidi kidogo ya nusu ya mwaka kuliko wenzao, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana.

Ushindi huo, hata hivyo, umeleta usahaulifu. Rovu likipungua machoni, tezi inaonekana kuwa jambo lililokwisha. Lakini upungufu unaotokana na kinga ya mwili kuishambulia tezi hauzuiwi na chumvi, wala wa aliyekatwa tezi. Wengi wao hawana uvimbe wa kuonyesha mtu. Wana sweta tu, na uchovu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaweka kitita cha huduma ambacho kila aliyejiunga anastahili. Kitita cha namna hiyo hupimwa kwa mambo madogo kama haya: je, kinalipia TSH mara ngapi kwa mwaka, na katika ngazi gani ya hospitali? Je, kinampa mgonjwa vidonge vya miezi mitatu kwa mpigo au kinamrudisha kila mwezi kupanga foleni? Je, dawa inapobadilishwa mtengenezaji, anapimwa tena, ikizingatiwa kwamba tofauti ndogo ya nguvu kati ya kiwanda na kiwanda inaweza kumyumbisha?

Kuhusu homoni ya pili, nionavyo, lisilofaa ni kuifungia mlango kabisa kwa hoja kwamba sisi ni maskini. Hakuna haja ya kuijaza katika kila duka la dawa. Ingekuwa hatari, kwa sababu hujulikana pia kwa matumizi mabaya ya kupunguza unene. Linalowezekana ni hospitali za kanda na za taifa kuwa na akiba ndogo, chini ya bingwa, kwa wale wachache ambao T4 yao imethibitishwa kutosha na bado wanateseka. Hospitali hizo zikinunua kwa pamoja na kutoka kwa zaidi ya muuzaji mmoja, hazitafungwa mikono kama Uingereza ilivyofungwa. Idadi ya wagonjwa hao haitakuwa kubwa, lakini haitajulikana kamwe mpaka wale wa kidonge cha kwanza wapimwe.

Kwa hiyo mama yetu wa Rusimbi, akifika dirishani kwa daktari na kipande cha habari alichokisoma kwenye simu kuhusu T3, asifukuzwe. Aulizwe alipimwa TSH mara ya mwisho lini, ikaonyesha nini, anameza mikrogramu ngapi, na kidonge hicho anakimeza kabla ya chai ya maziwa au baada yake.